Gari la Mke wa Muflisi

Siku mume wangu alipotangazwa muflisi, jaji hakupaza sauti. Alisema kwa Kiingereza, karani akatafsiri kwa Kiswahili, nami niliyekaa benchi la nyuma nikajielezea mwenyewe kwa Ekegusii. Kila lugha ilipolipokea lile neno, likazidi uzito.

Tulikuwa na duka Keumbu, kando ya barabara. Tuliuza sukari, mafuta ya taa, blanketi na majembe. Mwenye duka la jumla mjini Kisii, mzee wa Kihindi, alikuwa akimpa mume wangu mali kauli: anachukua bidhaa leo kwa neno la mdomo tu, analipa akishauza. Kisha mume wangu akakopa anunue lori. Mvua kubwa ya mwaka ule ikalitupa bondeni likiwa limejaa mahindi ya watu. Dereva alipona, ila lori halikufufuka. Baada ya hapo kila tulichouza kilikwenda kuziba pengo, na pengo halikuzibika.

Dalali alipoleta mnada mlangoni petu, majirani walinunua rafu zetu na hata mizani. Walinunua wakitazama chini. Mzee wa Kihindi alikuja pia. Hakununua kitu. Alimshika mume wangu mkono, akasema, "Pole, bwana," akarudi mjini. Yeye ndiye tuliyekuwa tumempotezea mali nyingi kuliko wote.

Mume wangu akawa mtu wa shambani. Alilima kimya, na akitaka kwenda mtoni alizunguka nyuma ya migomba asipite sokoni. Watoto walitaka kula. Nikaanza kununua ndizi Marani na kuziuza soko la Daraja Mbili, mjini Kisii.

Pale Marani palikuwa na omong'ina mmoja, mama mzee mwenye migomba mingi, ambaye wanawake wengine walimfuata kwa kila jambo. Wenzangu aliwapa ndizi wakalipe wakirudi. Mimi aliniambia, "Pesa kwanza, mke wa yule." Nikalipa kwanza. Nikalipa kwanza misimu mingi, na sikumjibu vibaya hata mara moja.

Siku moja nilimwendea mikono mitupu. Lori la mizigo lilikuwa limetukwamia njiani, na ndizi zangu zote zikaivia kwenye matope. Nilitaka kumwambia tu kwamba sitanunua. Akanitazama, akaisukuma mikungu kuelekea kwangu.

"Chukua. Utaniletea soko lijalo."

"Mama, unajua mimi ni mke wa nani."

"Najua. Kwani ndizi nampa yeye? Nakupa wewe."

Nilibeba ile mikungu nikilia, na waliokutana nami njiani walidhani nimefiwa.

Baada ya mavuno kadhaa niliona wazi kwamba malori ya watu yataendelea kuniozeshea mali. Mjini palikuwa na kampuni iliyouza magari kwa kulipa mwezi kwa mwezi, na uani mwake kulikuwa na pikapu ya kijivu iliyokwisha kutumika. Nilimwambia mume wangu tukaiulizie. Akaenda kutafuta koti lake.

Meneja alinisikiliza vizuri mpaka nilipomaliza. Akasema, "Mama, hapa mke haandikiwi gari mpaka mumewe amdhamini."

Mume wangu akasimama. "Sahihi yangu haifai kitu. Mahakama ilinitangaza muflisi, na sheria inataka niseme kabla sijakopa. Nimesema."

Karani aliyekuwa akipiga chapa aliacha. Nilitamani sakafu ifunguke. Lakini mume wangu hakuketi. Akaongeza, "Muulize yeye. Mimi sikumfundisha biashara hii."

Meneja akanigeukia. "Nani amewahi kukukopesha?"

"Wanawake wa Marani."

Nilidhani atacheka. Soko lililofuata nilimkuta Marani, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu, amesimama mbele ya yule omong'ina akimwuliza habari zangu.

"Huyu?" mama akamjibu. "Huyu nikimpa ndizi, mimi nalala usingizi." Kisha akamkagua toka kichwani hadi miguuni. "Na wewe je, nani anakujua?"

Walikubali kuniandikia gari, ila kwa sharti kwamba malipo ya kwanza yawe makubwa kuliko ya watu wengine. Nikaenda kwa kaka yangu, Nyamira. Alinipa fahali nikamwuze, mjukuu wa ng'ombe waliotolewa kwa mahari yangu. Akaniambia, "Hawa walikuja kwa ajili yako. Mmoja akikurudia si ajabu."

Jina langu likaandikwa mlangoni mwa pikapu kwa rangi nyeupe, kama desturi ya magari ya biashara, na mume wangu akashika usukani. Wanaume wa Keumbu walimwita dereva wa mkewe. Alivumilia. Mmoja alipozidi, alimjibu taratibu, "Jina lake linabeba ndizi. Langu lilibeba nini?" Nilikuwa nimeketi kando yake. Sikufurahi kusikia hivyo, ingawa najua alinena kwa kuniheshimu.

Tulimaliza kulilipa gari. Baadaye mahakama nayo ikamwondolea mume wangu kifungo cha ufilisi. Angeweza tena kufungua duka na kukopa kama watu. Hakufungua. Alianza kuweka akiba ya kumlipa mzee wa duka la jumla.

Nikamwambia, "Baba watoto, sheria imekusamehe."

"Sheria imenisamehe. Yeye sijamsikia akisema."

Siku fedha zilipotosha tulikwenda Kisii. Juu ya mlango wa duka palikuwa na jina jipya. Mwenye duka mpya, kijana mpole kutoka kwetu, alitueleza kwamba mzee aliuza kila kitu akasafiri na jamaa yake ng'ambo. Nchi gani? Hakujua. Tukawauliza majirani, tukauliza hata pale alipokuwa akishonesha nguo. Wengine walisema Uingereza, wengine Kanada.

Mume wangu alirudi garini akakaa bila kuliwasha. Kofia ilikuwa mapajani mwake.

"Tuzipeleke kanisani," nikasema.

"Kanisa sikulikopa."

Tukarudi nyumbani. Alizifunga zile fedha katika kitambaa akaziweka chini ya godoro, na kwa miaka iliyofuata kila mfanyabiashara wa Kihindi aliyesimamisha gari Keumbu, mume wangu alimsogelea, akamwamkia kwa adabu, akamwuliza kama anamjua mzee fulani aliyekuwa na duka la jumla Kisii. Walimsikiliza kwa heshima. Hakuna aliyemjua.