Ghofira Iliyofungiwa Bizari

Elinaza alikuwa Mpare, karani wa bohari wakati wa vita vya Hitla, amepanga chumba Buguruni kwa Bi Mauwa muuza vitumbua. Alitaka Biblia ya kujisomea mwenyewe, na sababu ilikuwa moja tu. Mkewe alimwandikia kutoka Usangi: mtoto anaumwa, njoo. Barua ikamkuta kilabuni, kwenye pombe ya tembo. Akaitia mfukoni amalizie kata yake, na kata ikazaa kata. Alipoikumbuka, siku ya tatu, mtoto alikuwa ameshazikwa.

Sasa alitafuta mahali palipoandikwa kwamba baba wa namna hiyo husamehewa. Mwinjilisti wake alikuwa hafai kuulizwa. Kila swali gumu alilijibu kwa kuanzisha wimbo.

Akanunua Biblia ya Kiswahili cha pwani dukani kwa Gulamali. Nusu ya maneno yakampita juu ya kofia. Ikabidi aende nayo jikoni.

"Shikamoo, Bi Mauwa. Eti ghofira ndiyo nini?"

"Marahaba. Kitabu chenu, maneno yetu! Sasa kafiri nani hapa?" Bibi akageuza kitumbua. "Ghofira ni Mungu kukufunika wewe na dhambi zako zote, isionekane hata ncha ya sikio."

"Zote?"

"Zote. Au za Wapare zina kipimo chake?"

Wiki ile Elinaza alikula akashiba. Lakini kanisani zikafika habari kwamba kuna Mkristo mtu mzima anasomeshwa Biblia na bibi mwenye tasbihi. Wakamcheka mpaka wazee wa kanisa wakashika mbavu. "Chukua ile ya bara," wakamwambia, "imeandikwa kwa lugha ya watu." Akairudisha ya pwani kwa Gulamali, akabadilishana.

Ya bara ilisomeka kama tangazo la Bwana Shauri, mzungu wa wilaya. Hakukwama popote, na hapo ndipo balaa lilipokaa. Pale penye ghofira, hii ilisema mtu ameachiwa dhambi zake.

Ameachiwa! Elinaza alikuwa anajua kuachiwa. Babu anakufa, unaachiwa migomba. Mama anakufa, unaachiwa wadogo zako. Kumbe na dhambi nazo unaachiwa, ukae nazo, uzipalilie. Hakwenda jikoni kuuliza. Lugha nyepesi nani anaiuliza? Akaona ghofira ni ya wenyewe watu wa pwani, yeye wa milimani kaandikiwa hii. Ila alitaka aione tena kwa macho yake, kama kweli ilikuwamo.

Akaenda mbio dukani.

"Bwana Gulamali, ile ya kwanza. Nirudishie."

"Ile? Rafiki, vita imekula karatasi yote mjini. Ile karatasi yake nyembamba, safi kabisa. Nafungia bizari."

Tangu siku hiyo Elinaza, asiyejua kuchemsha hata chai, akawa mnunuzi wa bizari. Kila jioni alikaa kizingitini, anamwaga unga, anapangusa umanjano, anasoma.

"Mwanangu, bizari yote hii," Bi Mauwa akamtania, "unaoza au unaoa?"

Ghofira hakuipata. Kipande cha mwisho kilichobaki dukani kilikuwa na majina matupu: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani, baba na mtoto, baba na mtoto, mpaka chini kwenye doa la mafuta.

Akausoma ukurasa wote. Safari hii hakuna neno lililompita.