Meza ya Karata Iliyokataa Kupita Mlangoni

Saa tatu asubuhi simu inalia kwa mara ya nne, na Mama Sponji haipokei. Amelala chali chini ya meza, bisibisi mkononi, skrubu mbili amezibana kwa midomo, vumbi la mbao limemkaa kwenye kope. Simu inakata. Inaanza tena.

Anajiburuta hadi nje ya meza, anatema skrubu kiganjani na kubonyeza simu.

"Nini tena?"

Sauti ya mwanamume, nzito na isiyo na haraka, inasikika hadi kwenye benchi la wateja. "Nakuuliza tu. Komeo umeweka tatu au nne?"

"Nne."

"Una hakika?"

"Mzee, nimelala chini yake! Nitakosaje hakika?"

Anakata simu, anaitupa juu ya rundo la sponji na kumgeukia mwandishi kama mtu anayetafuta shahidi. "Umesikia mwenyewe. Na hiyo ni ya asubuhi. Akishakula mchana ndiyo anapata nguvu za kuniuliza vizuri."

Aliyepiga simu ni mumewe. Meza inayoundwa ni ya karata, ya kuchezea poka, na imeagizwa na kinyozi wa mtaa wa pili. Ni meza ya pili ya aina hiyo kutoka mikononi mwa Mama Sponji. Ya kwanza, anasema, nusura imtoe roho.

Mama Sponji ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiunda na kukarabati makochi katika chumba hiki kimoja chenye paa la bati. Jina lake limetokana na sponji anazozikata kwa kisu cha jikoni, kwa jicho tu, bila kupima. Zamani alikuwa akitoa makochi sita kwa mwezi. Siku hizi akitoa mawili anashukuru, kwa sababu watu wananunua yaliyokwisha kutengenezwa kiwandani. "Yanang'aa dukani," anasema huku akikunja uso. "Baada ya mwaka wanayaleta hapa yamebonyea, wananiambia nifufue maiti."

Mumewe aliendesha lori la mizigo kwa miaka ishirini na miwili. Miaka miwili iliyopita, akiwa anabadilisha tairi kando ya barabara, jeki iliteleza na lori likamwangukia mgongoni. Alipona, lakini miguu haikurudi. Tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu, katika sebule ambayo kwa miaka yote ile alikuwa akiipitia kama mgeni, siku mbili hapa, wiki tatu safarini.

Rafiki zake madereva hawakumtupa. Walikuwa wakija Jumamosi na karata mfukoni. Poka walijifunzia mpakani, wakati foleni ya malori inaweza kusimama siku nne na mtu hana pa kwenda. Tatizo likawa pa kuchezea. Meza ya sebuleni ni fupi, ya kuwekea vikombe, na magoti ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu hayaingii chini yake. Basi akawekewa sinia mapajani.

"Sinia likiteleza, karata zinamwagika sakafuni," anasimulia Mama Sponji. "Yeye hawezi kuinama. Wenzake wanamwokotea. Sasa mtu akikuokotea karata si ameziona? Wanajifanya hawajaona. Yeye anajua wameona. Mchezo gani huo?"

Jumamosi moja akiwa jikoni alimsikia mumewe akiwaambia: "Jamani, msijisumbue tena kuja. Mimi karata zimenichosha."

Wakaondoka. Mama Sponji alitoka na birika la chai akakuta viti vitupu.

"Nilimuuliza, tangu lini karata zikakuchosha? Akaniambia nimfungulie redio. Nikaifungua. Nilikuwa na hasira, mwandishi, hata sijui nilimkasirikia nani. Redio ilikuwa inaongea mambo ya bei ya mbolea. Anasikiliza! Mtu hana hata shamba."

Alikwenda kuulizia dukani. Meza ya poka, yenye pande nane na ukingo wa kuegemeza mikono, ilikuwa inauzwa bei sawa na kodi yao ya nyumba ya miezi minne. Muuzaji alimshauri alipe kidogo kidogo. Alimshukuru, akaizunguka ile meza mara mbili, akainama akachungulia chini yake, akaondoka.

"Nikajiambia, hii ni mbao, sponji na kitambaa. Kochi lililolala. Kwani mimi nafanya kazi gani?"

Mbao aliipata kwa mbomoaji wa majengo: mlango mmoja mzito, uliokwisha kung'olewa, wenye tundu la kitasa na neno SUKUMA limeandikwa kwa rangi nyekundu. Mbomoaji alitaka auuze kama mlango. Mama Sponji akasisitiza kwamba mlango usio na fremu wala kitasa ni ubao tu. Walibishana hadi mbomoaji akachoka. Aliukata mlango vipande viwili, akavilaza ubavu kwa ubavu, akapunguza pembe hadi zikatokea pande nane. Sponji alikuwa na mabaki tele. Miguu aliitoa kwenye kitanda kibovu cha jirani. Kitambaa kilikuwa cha mteja aliyeagiza kochi akahama mji bila kuaga.

Kitambaa hicho kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee. Hapo ndipo simu zilipoanza.

"Meza ya poka ni ya kijani," mumewe alimwambia.

"Karata hazijui rangi."

"Mimi najua."

"Basi funga macho."

Mume akawa na neno kwa kila hatua. Ukingo uwe mnene, lakini si mnene sana. Tundu la kitasa lizibwe, maana karata itatumbukia. Neno SUKUMA ligeuzwe lisimtazame. Mama Sponji anakiri kwamba katika wiki ile, kila akishakata simu, alimwambia mumewe mambo ambayo hawezi kuyarudia mbele ya mwandishi. Lakini aligundua pia kwamba redio ilikuwa haijafunguliwa kwa siku tano.

Kosa kubwa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe. Alipima urefu wa kiti cha magurudumu kikiwa kitupu, akakata miguu ya meza kwa kipimo hicho, akaigandisha kwa gundi na kuikaza kwa skrubu. Usiku uleule, akimsaidia mumewe kuhamia kitandani, mkono wake uligusa mto wa kiti. Ni mto aliomshonea mwenyewe, unene wa vidole vinne, asije akapata vidonda.

"Sponji," anasema, na hata sasa anashika kichwa. "Mimi! Nimesahau sponji! Mtu akinisimulia nitasema ananitania."

Ilibidi aongeze vitako vya mbao chini ya kila mguu. Siku nzima ikapotea, na mteja mwingine wa kochi akaja akamkuta hajagusa kazi yake, akafoka, akachukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine. Mwezi ule kochi lilikuwa moja tu.

Hatimaye meza ikakamilika. Alikodi mkokoteni, akaisindikiza mwenyewe kwa miguu, mkono mmoja juu ya ukingo kama anayepeleka mgonjwa hospitali. Walipofika nyumbani, meza ikakataa kuingia.

Nyumba yenyewe ni ya kupanga, mlango mwembamba, na ukishavuka kizingiti tu unakutana na ukuta, inabidi ukate kushoto. Waliijaribu kwa ubavu. Waliijaribu miguu ikitangulia. Waliigeuza juu chini. Kufumba na kufumbua nje kukajaa majirani, na kila mmoja akawa fundi. Huyu anasema ing'olewe miguu. Yule anasema dirisha litolewe. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo ya maji aliuliza kwa nini hawakununua meza ndogo.

Na ndani, mbele kabisa, kwenye kiti chake, mwenye meza alikuwa akiongoza msafara kwa sauti ya barabarani. "Kata kulia! Rudi! Rudi kidogo! Hapo! Si hapo, mama, kulia! Kulia kwako!"

Mama Sponji alikuwa ameibeba meza upande mmoja, jasho linamwingia machoni, kidole gumba kimebanwa kwenye fremu ya mlango.

"Kama unaona rahisi," akapiga kelele, "si usimame uje ubebe wewe!"

Mwenye ndoo akaitua chini.

"Lilinitoka," anasema sasa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake imetulia. "Lilishatoka. Nilitamani ardhi inimeze. Niliiacha meza palepale mlangoni, nikakaa kizingitini nikawapa wote mgongo. Sikulia. Nilikuwa nimechoka hata kulia."

Anakumbuka kwamba mwenye mkokoteni alikohoa na kuuliza kama anaweza kulipwa aende. Kisha Mama Sponji akasikia magurudumu yanasogea nyuma yake, juu ya sakafu ya saruji, taratibu, hadi yakakaribia kisogo chake.

"Mama watoto," mumewe alisema. "Leta msumeno."

"Wa nini?"

"Hii ni bodi la lori. Ulishaona bodi la lori limeundwa kipande kimoja? Likate katikati, palepale ulipounganisha. Chini tutaweka komeo. Ukitaka kupita, unafungua. Ukifika, unafunga."

Mama Sponji alitaka kubisha. Badala yake aliinuka kizingitini. Alichukua wembe akapasua kitambaa alichokishona kwa siku mbili, huku moyo unamuuma kwa kila inchi. Mumewe akaomba chaki, akapiga mstari. Upande mmoja wa meza ulilazwa mapajani mwake, akafunga breki za kiti, akaushikilia kwa mikono miwili huku mkewe akikata. Mikono ya mtu aliyeshika usukani miaka ishirini na miwili haitikisiki. Mashimo ya komeo aliyatoboa yeye, moja baada ya jingine, akipuliza vumbi na kulitazama kila moja kama anayechungulia injini. Saa kumi na moja jioni meza ikaingia ndani kwa nusu mbili, ikafungwa. Haikuyumba.

Mwandishi alimtembelea mume huyo nyumbani na kumuuliza kuhusu maneno ya siku ile. Alicheka hadi akafuta macho.

"Alikuja kuniomba msamaha asubuhi yake, na uji mkononi. Nikamwambia kaiombe msamaha meza," alisema. "Unajua, tangu ajali kila mtu anaongea na mimi kwa sauti ya hospitali. Pole, mzee. Taratibu, mzee. Hata yeye. Miaka miwili hajanigombeza. Siku ile aliponipigia kelele mbele ya mtaa mzima, nikasema, aa, kumbe bado nina mke."

Jumamosi iliyofuata Mama Sponji mwenyewe alimpigia simu aliyekuwa utingo wa mumewe, msaidizi wa lori aliyesafiri naye miaka tisa. Hakueleza mengi. Alimwambia aje na karata na awalete wengine.

"Shemeji alisema tukichelewa atatufuata na msumeno," anakumbuka utingo huyo. "Mimi nilidhani kuna msiba. Nikaingia, namkuta bosi amekaa kwenye meza, magoti yake yako chini, viwiko juu ya ukingo, kama mtu yeyote. Ananiangalia, anasema, gawa."

Wanachezea vizibo vya soda. Hiyo ni amri ya aliyeiunda meza, na haina rufaa. "Siku nitakayoona pesa juu ya kitambaa changu," Mama Sponji amewaambia, "nafungua komeo."

Mumewe alishindwa mkono wa kwanza, wa pili na wa tatu. Aligonga meza akamtukana utingo kwa maneno ya foleni ya mpakani. Kelele zikafika kwa jirani, na jirani akaja kulalamika. Tangu hapo ni kila Jumamosi. Wanakunywa chai ya birika tatu. Wanaacha vizibo chini ya makochi. Wanabishana hadi magharibi kuhusu mkono uliochezwa wiki iliyopita.

"Nilikuwa nimesahau kwamba yule mtu ana kelele," anasema mkewe, akiokota skrubu zake. "Nyumba haikaliki. Nikitaka kupumzika inabidi nije kazini."

Kinyozi aliiona meza hiyo alipokwenda kumnyoa mumewe nyumbani, akaagiza yake. Mwenye duka la vipuri naye ameshatoa nusu ya malipo. Malipo ya meza moja, baada ya kutoa gharama, yanakaribia faida ya makochi mawili. Mume amedai kazi ya komeo na chaki iwe yake, na kwa kuwa hawezi kuifikia karakana, anaifanya kwa simu.

Ndiyo maana Mama Sponji ana mpango. Karakana imeinuliwa kutoka usawa wa barabara, na ina ngazi tatu. Kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Anataka kuzifunika kwa mteremko wa zege, upana wa hatua mbili, na gharama atabeba yeye. Kinachotakiwa ni ruhusa ya mwenye jengo tu. Alikwenda mara ya kwanza, akaambiwa wapangaji wengine watalalamika. Akawaendea wapangaji wote watano, akarudi na sahihi zao. Akaambiwa mteremko utaharibu sura ya jengo.

"Sura gani?" anauliza, na kunyoosha bisibisi kuelekea bati lililotoboka. "Wewe unaiona sura hapo?"

Simu inalia tena juu ya rundo la sponji. Anaitazama, anavuta pumzi, anazirudisha skrubu mdomoni na kuzitoa tena.

"Jumatatu naenda kwake mara ya tatu," anasema. "Akikataa, Jumanne nitakwenda tena, lakini sitakwenda peke yangu. Nitamsukuma mzee hadi ofisini kwake, nimwache hapo siku nzima aulize maswali. Mimi nimemvumilia miaka ishirini na saba ya ndoa. Tuone yeye atavumilia saa ngapi."

Anaipokea simu.

"Nini tena?"