Krasen Vutov na kelele za nyumba zilizofungwa

Saa nne asubuhi, kwenye kona ya barabara ya juu ya kijiji cha Kalinov Dol, Krasen Vutov anachomoa antena na kusubiri. Kompyuta mpakato imekaa juu ya boneti ya gari. Kando yake kuna kifaa kidogo kama kiberiti, kimeunganishwa kwa waya mfupi wa USB. Nundu iliyokuwa imesimama katikati ya skrini inalala chini, panabaki bapa.

"Imepotea," anasema. Hafurahi. "Maana yake haitoki kwenye kompyuta yangu. Lakini hata ile ya Septemba ilipotea hivihivi."

Kifaa hicho ni kipima mawimbi. Kila kinachorushwa hewani, cha simu, cha redio, hata cha geti la umeme, hujitokeza kwenye skrini kama kilima. Krasen, mwenye umri wa miaka 52, hukitumia kulinda njia moja nyembamba tu: ile ya vitufe vya dharura ambavyo wazee wa vijiji hivi huvaa shingoni.

Mzee akianguka, hubonyeza. Kipokezi kilichoko juu ya paa la shule, shule ambayo haina mtoto hata mmoja, hudaka ishara, na mhudumu aliyeko mjini hupiga simu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Tangu kiangazi, vitufe vya barabara ya juu vinasikika asubuhi, na kufikia adhuhuri vinakuwa bubu.

Ng'ambo ya barabara, mzee Tsolo anachoma pilipili hoho juu ya bati. Moshi wake mtamu unaelea hadi kwenye gari.

"We Krasen! Unavua samaki na hapa hakuna mto?"

"Natafuta kelele, babu."

"Kelele? Kijiji hiki? Mwanangu, mbwa wenyewe wameacha kubweka, hawaoni wa kumbwekea."

Krasen anacheka kidogo, kisha picha kwenye skrini inaganda. Hagombani nayo. Anakagua waya, anausukuma hadi mwisho, anachomoa chaja ya gari. Chaja ile, anaeleza, humwaga takataka kwenye picha, na waya ukiwa mrefu kifaa hukosa umeme wa kutosha na kuzimia. Aliyajifunza hayo peke yake, kijiji baada ya kijiji. Ana vijiji kumi na kimoja, gari lake mwenyewe, na mshahara wa leva 1,200, fedha ya huko, kwa mwezi.

Lipo jambo jingine ambalo alilijua siku nyingi na mwezi Septemba hakulifanya.

Wakati huo aliona mstari mwembamba uliosimama palepale kwenye njia ya vitufe. Alichomoa antena, mstari ukatoweka. Akaamini kwamba ni wa kweli. Kila alipoielekeza antena mlimani, penye mnara wa simu, mstari ulirefuka. Basi akapanda mlima. Alizunguka huko siku tatu, akikagua uzio na vibanda, akiwapigia simu wenye mnara na kubishana nao.

"Hakukuwa na kitu," anasema. "Mnara una nguvu mno. Ulikizidi kifaa changu, nacho kikaanza kuona ambacho hakipo. Kama mtu aliyepigwa kofi anayeona nyota. Mimi nikawa nazikimbiza nyota."

Siku ya pili ya safari zake za mlimani, Bibi Ilinka wa barabara ya juu alianguka kwenye ngazi za ghala lake. Muuza mkate ndiye aliyemkuta kesho yake, baada ya kupiga honi bila kuona mtu akitoka. Kidole gumba cha marehemu kilikuwa bado juu ya kitufe.

Karatasi ya tanzia yenye picha yake imebandikwa langoni kwake, kama desturi ilivyo. Krasen hupita mbele yake kila anapokuja. Hata leo ameegesha gari mbali nayo kidogo.

Anatoa mfukoni kipande cha shaba kinachotosha ncha ya kidole na kukifunga kati ya antena na kifaa. Ni kipunguza nguvu: hudhoofisha kila kinachoingia kwa ngazi kumi. Mstari wa kweli hushuka ngazi kumi, si zaidi. Mstari wa uongo huporomoka wote.

"Kazi ya nusu dakika," anasema. Hamtazami mtu anaposema hivyo.

Anachomeka. Nundu inashuka ngazi kumi na kusimama. Ni ya kweli. Na inatembea: kadiri jua linavyopasha mapaa, inajivuta taratibu kuelekea kwenye njia ya vitufe. Mtambo wa maana hautembei namna hiyo. Hiki ni kitu cha bei rahisi kinachoungua pole pole darini mwa mtu.

Antena inampeleka kwenye nyumba yenye madirisha yaliyofungwa kwa mbao. Hapa napo kuna karatasi langoni, ya mama aliyefariki msimu wa kuchipua. Ufunguo anao jirani, Bibi Petrana, mwenye miaka 81, anayeishi peke yake na ambaye kitufe chake ndicho pekee kilichobaki shingoni mwa mtu aliye hai kwenye barabara hii.

"Kuingia, ingia," anasema, akipangusa mikono kwenye aproni. "Ila swichi kuu huigusi. Taa ya marehemu inawaka mle ndani. Nilimwahidi binti yake haitazimika mpaka mwaka utimie."

"Bibi, umeme wa nyumba hii ndio unaokiziba kitufe chako."

"Nimekusikia."

"Ukianguka je?"

"Nikianguka nimeanguka. Wewe unataka nikakutane na mwenzangu huko aniulize nani amemzimia taa?"

Wanampigia simu Detelina, binti wa marehemu, aliyeko Italia akimuuguza mzee wa watu. Anaongea kwa kunong'ona. Mgonjwa wake amelala.

"Shangazi Petrana, taa inawaka?"

"Inawaka, mwanangu. Jumamosi nilifukiza ubani."

Krasen anaichukua simu na kumweleza. Anamuuliza kama mama yake alikuwa na kiongeza nguvu cha antena ya televisheni, kisanduku kidogo chenye waya unaopanda juu ya paa.

"Kipo. Mimi ndiye niliyekinunua. Alikuwa analalamika picha ina chengachenga. Kaka Krasen. Bibi Ilinka… ni kwa sababu ya hicho?"

Bibi Petrana, aliyeinamia simu ili asikie, anamtolea macho, akitikisa kichwa kumkataza. Krasen anajibu hata hivyo.

"Hicho, na mimi. Hicho kilikuwa hapa kinapiga kelele, na mimi nilikuwa mlimani nakimbiza hewa."

Detelina anajibu kwa mnong'ono uleule: "Kichomoeni. Taa muiache."

Ndani mna harufu ya ubani na vumbi. Balbu ndogo nyekundu inawaka mbele ya picha takatifu. Krasen anapiga magoti nyuma ya televisheni, anapapasa, anachomoa plagi moja. Ina joto kama kitu kilichokuwa mkononi mwa mtu.

Wanarudi kwenye gari. Nundu haipo. Bibi Petrana anajipanga wima kama anayepigwa picha na kubonyeza kitufe.

Simu yake haiiti.

"Bonyeza tena, bibi."

Anabonyeza tena. Mara ya tatu ndipo simu inaita, na sauti ya mhudumu inasikika kwa mikwaruzo, ikiuliza nani ameanguka.

"Hakuna aliyeanguka, binti," anasema Bibi Petrana. "Tunajaribu tu."

Krasen haangalii simu. Anaangalia skrini. Mahali ilipokuwa nundu kubwa pametokea nyingine, fupi, iliyokuwa imejificha chini yake. Anazungusha antena polepole. Inaelekea barabara ya chini. Anaizungusha tena: ipo ya tatu, nyembamba, upande wa kanisa. Zote zinajivuta na jua.

"Walioko Hispania, walioko Ujerumani, waliofariki," anasema. "Wote waliacha umeme ili nyumba isionekane imekufa. Sisi tuliobaki hatusikiki kwa sababu ya nyumba zao." Anakaa kwenye ukingo wa mlango wa gari, kifaa mapajani. "Na huwezi kuwakasirikia. Ningekuwa huko, mimi pia ningeacha taa."

"Kwa hiyo nikianguka leo?" anauliza Bibi Petrana.

"Leo watakusikia mara moja katika tatu."

"Basi nitaanguka mara tatu," anasema, na kurudi kwake kukanda unga.

Mpango wa Krasen ni kuingia kila nyumba iliyofungwa kabla theluji haijakata barabara. Mwajiri wake hajamtumia mtu wa kumsaidia, wala hatamtuma. Baada ya hapa kuna vijiji vingine kumi, na Krasen haamini kuwa huko kuna ukimya.

"Natamani nifungue picha hii siku moja nione bapa," anasema. "Halafu nione kitufe kimoja kikiruka juu, peke yake. Sina ndoto nyingine katika kazi hii."

Mzee Tsolo ameacha pilipili zake na kuja na pete ya waya mkononi. Imejaa funguo, nyingine za chuma kinene, nyingine zimeota kutu. Ni za majirani walioondoka. Yeye ndiye aliyeachiwa.

Krasen anashika mmoja. "Huu wa nani, babu?"

Mzee anausogeza karibu na macho, anaugeuza, anaushikilia kwenye mwanga.

"Sikumbuki," anasema. "Huu mwenyewe alisema anarudi Pasaka."

"Pasaka ipi?"

Mzee Tsolo anamnyooshea pete yote. Krasen anakunja antena, anauchukua mzigo wote wa funguo, na wawili hao wanateremka barabara ya chini kuzijaribu moja moja.