Koti la Mzee na Somo la Mikunjo

Mume wangu hapigwi picha. Ana imani yake, na si ya kanisani: mzee akianza kuambiwa asimame vizuri, atabasamu, ageukie dirisha kidogo, ajue watoto wanatafuta ya kuweka mbele ya programu ya mazishi. Kwa hivyo picha yake pekee ni ile ya kitambulisho, ambapo anaonekana kama mtu aliyekamatwa ameshika kuku wa jirani. Mimi nilitaka picha yake nzima, kuanzia mabega hadi viatu, angali hai. Tulibishana mpaka akakubali penseli.

"Sijaona mtu akizikwa na picha ya penseli," akasema.

Basi ikabidi nijifunze kuchora, uzeeni. Binti yetu, tunayeishi naye Kileleshwa kwenye hizi nyumba za kupandana, alifurahi kupita kiasi. Alikuwa amechoka kurudi kutoka kazini na kukuta nimempangia sufuria upya. Akanitafutia mwalimu orofa ya juu yetu, msichana mwenye suruali iliyotoboka magoti yote mawili. Huyo ndiye mtaalamu wa kuchora nguo.

Somo la kwanza alipigilia taulo ukutani, akatuambia wanafunzi wake tulichore. Shule niliiacha mapema, pengine hilo ndilo darasa nililokosa. La taulo. La pili tukachora mtu aliyevaa. Yangu niliichora safi, shati limenyooka, suruali imenyooka. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Shosho, huyu ni mtu ama ni mlango?"

"Ni mtu aliye na mke," nikamwambia.

Maana nilivyolelewa, mkunjo kwenye nguo ya mume ni barua ya wazi kwa majirani kwamba kwenu hakuna mwanamke. Wengine tuliotoka pande za juu huko tuliamka kabla ya jogoo kuwasha pasi ya makaa. Sasa naambiwa niitafute mikunjo kama mtu anayetafuta dhahabu.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alimleta askari wa geti, akae kwenye stuli tumchore. Shati lake lilikuwa kama limetafunwa na ng'ombe na kutemwa. Mwalimu alipotoka kupokea simu nikamwamuru askari avue, nikashuka nalo kwetu nikalipiga pasi, kola, mikono, kila kitu. Mwalimu kurudi, askari ameketi wima anang'aa kama bwana harusi.

"Shosho! Umefuta somo!"

"Karibu," nikasema.

Hakucheka. Alimwambia askari akunje mkono, anyooshe, akunje tena, kisha akanishika kidole akakiweka kwenye kiwiko cha yule kijana. "Usiangalie kitambaa kwanza. Tafuta mahali mwili umeshika nguo. Bega, kiwiko, goti, tumbo. Mkunjo unaanzia hapo. Hauanguki tu kutoka mbinguni."

Sikumpa raha ya kujua kwamba nimeelewa. Lakini siku mbili baadaye nilishuka mjini, nikakaa kwenye ukuta mfupi karibu na mabenki, nikachora wenye suti wakipita. Wana mikunjo mingi, wale, hasa wakiwa na haraka. Muuza soksi mmoja aliniangalia, akaangalia karatasi, akaanza kukusanya soksi kama aliyeona askari wa jiji.

"Mathe, unaandika nini? We ni kanjo?"

"Kanjo wenu wana magoti kama haya?"

Akatandaza soksi zake tena. Hata viatu vyake nilivichora, na vilitoka kama viatu. Nikajua niko tayari kwa mzee.

Nilimkalisha kwenye balkoni na koti lake la sufi la kahawia, ambalo huvaa kuanzia asubuhi mpaka anapozima taa, jua liwe kali lisiwe. Nilianza na bega, kama nilivyofundishwa. Bega lilikuwa limeshika. Nikashuka na penseli kutafuta pengine palipoishika nguo. Kifua hakikushika kitu. Nikaenda tumboni, lile tumbo alilokuwa akiwekea kikombe cha chai akisikiliza habari. Koti lilipita pale kama limetundikwa msumarini, likaenda moja kwa moja mpaka mapajani. Nikafuta, nikalaumu penseli. Nikachora tena, likatoka vilevile.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Nimekushinda?"

"Baba watoto, umekonda tangu lini?"

"Mimi? Koti ndio imepanuka."

"Koti la sufi limepanuka. Sawa. Na mkanda nao umepanuka, ama ndio maana una tundu jipya la msumari?"

Akaangalia barabarani, pikipiki zikipita. Mimi ndiye humpakulia, na sahani hurudi tupu, kwa hivyo nilikuwa nimetulia. Kumbe sahani tupu si ushahidi. Binti yetu ana paka ambaye siku hizi hawezi kurukia kiti kwa unene.

"Chakula kinakataa kushuka," akasema mwishowe. "Kinasimama hapa." Akagusa kifuani. "Sikutaka muanze kupiga simu huku na huko."

Nilitaka kumwambia mengi, na mengi nilimwambia. Alipojaribu kusema tungoje Jumapili ipite ndipo twende hospitali, nikamwonyesha ile karatasi. Aliitazama muda mrefu, mtu asiyependa picha.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Asubuhi tulikuwa Upper Hill, kwenye foleni ya hospitali, yeye akiwaambia walio kwenye benchi kwamba ameletwa na mchoraji. Tulipoingia, daktari alimwambia avue koti apande kitandani. Hakuvua. Alishika vifungo, akanitazama mimi.

"Vua," nikamwambia. "Mimi nimeshaona."