Sabuni ya Mke Wangu na Sakafu Yangu

Asubuhi ile mke wangu alifua shuka za gesti kama siku zote. Mimi nilikuwa kibarazani na chai yangu. Alikamua ya mwisho, akajitwika ndoo ya maji ya sabuni, akaenda kuyamwaga mtaroni, nyumba ya nne kutoka kwetu. Goti lilikuwa linamsumbua. Aliporudi alisimama kwenye mjakaranda wetu uani, akashika shina. Kesho yake hakuamka.

Alikuwa dobi miaka thelathini. Mti aliupanda yeye tulipohamia, apate kivuli cha kufulia. Zamani maji yake yote aliyamwaga pale pale shinani, na maua yalikuja kila mwaka. Yakidondokea nguo nyeupe aliugombeza: "We mtoto, adabu huna?"

Mimi ni mwashi. Nilipoacha kazi nikausakafia ua wote, asikanyage tope. Nilikata mizizi minene kama mkono wangu, nikamwaga zege mpaka kwenye gome. Alizunguka akicheka. "Fundi, hii sakafu kuku watateleza wavunjike viuno." Nikavimba kichwa.

Mwaka wa pili majani yakawa manjano, matawi ya juu yakakauka. Akaniuliza mti una nini. Nilijua. Mwashi anajua alichokata. Nikamwambia, "Ni sabuni zako hizo."

Hakubisha. Tangu siku ile, ndoo mtaroni. Jirani alimtania: "Shemeji, bomba la kwenu limehamia huku?"

"Nauguza mgonjwa, shemeji. Nipishe."

Mwaka mzima, na goti lile. Nilikuwa namwona. Nilikunywa chai.

Wiki ya tatu tangu tumzike nikachukua nyundo na tindo. Binti yetu mkubwa akatoka jikoni mbio.

"Baba, kiuno hicho! Unabomoa nini?"

"Sakafu. Ndiyo imeukaba mti. Si sabuni ya mama yako."

"Mama alijua?"

"Hakujua. Mimi nilijua."

Alinigeuzia mgongo. Kisha akaingia ndani. Chai siku ile sikuletewa, wala sikuuliza.

Nilivunja siku nne, hatua mbili kila upande wa shina. Udongo wa chini ulikuwa mkavu kama unga. Sasa maji ya kufulia namwaga mimi pale, sabuni na yote. Tawi moja limechipua. Mengine sijui.

Watu wakija kunipa pole husema mke wangu alikuwa hana makuu. Kweli hakuwa nayo. Lakini mimi nikiwasikia narudi kwenye asubuhi ile, ameshika shina, ndoo tupu miguuni, hajui kama namsikia. Mdomo nilikuwa nao, na hatua za kumfikia hazikuzidi kumi. Aliuambia mti:

"Nisamehe, mwenzangu. Sabuni zangu ndizo zilizokuponza."