Maji ya Kuoshea Nyama

Fundi anakoroga chokaa ya ukutani, na harufu yake imenirudisha kwenye banda letu la nguruwe kule Makambako. Homa ya nguruwe ilipoingia, watu walichinja haraka, nyama ikauzwa bei ya kutupa. Mama alinunua. Maji aliyooshea nyama akampelekea nguruwe wetu mwenye mimba, kama alivyofanya siku zote. Wiki haikuisha, nguruwe akafa, masikio yamegeuka zambarau.

Bwana mifugo alinyunyiza chokaa kwenye shimo tulilomzikia.

“Na sisi tulioila ile nyama?” mama akamuuliza.

“Wanasema haidhuru watu.”

“Wanasema kina nani?”

Akaendelea kunyunyiza. Mama akaanza kutushika paji la uso, mmoja mmoja, kwa mkono uleule uliomwaga yale maji.