Siku Bajaji Ilipomsalimia Mheshimiwa

Mwalimu Chediel aliwahi kuingia darasani akiwa amenyolewa nusu kichwa. Alikuwa kwa kinyozi pale Ihanja, upande wa kulia umeshamalizwa, mzee mmoja akaingia akisema anawahi msibani. Chediel akanyanyuka kwenye kiti, akampa shikamoo, akampisha. Umeme ukakatika mzee akiwa anamaliziwa kidevu. Kesho yake Kidato cha Tatu walifundishwa fizikia na mtu mwenye msitu upande mmoja na uwanja wa ndege upande wa pili. Hakuna aliyecheka mbele yake. Na wao wamelelewa hivyo hivyo.

Mkewe Febronia hana uvumilivu na mambo hayo. "Wewe nyumba ikiungua," humwambia, "utaanza kwa kuusalimia moto."

"Inategemea umeanza kuwaka lini," humjibu Chediel.

Hata chumba cha klabu ya roboti hakukiomba. Kilikuwa stoo ya alizeti ya shamba la shule, na kuomba stoo kwa mkuu wa shule ni jambo linalohitaji kifua. Chediel alianza kwa kufagia. Wiki ya pili akaweka meza. Wiki ya tatu akaweka watoto. Mkuu wa shule, Mwalimu Anselm, alipopita na kuona watu ndani wakichomelea nyaya, alidhani kuna mahali fulani aliwahi kutoa kibali, na kwa kuwa hakupenda ionekane kwamba anasahau, akanyamaza. Klabu ikaishi humo miaka miwili kwa neema ya ukimya huo.

Mwaka huu alizeti zilikubali. Magunia yakajaa kwenye jengo la utawala hadi mhasibu akawa anafanya kazi ameketi juu ya mavuno. Ndipo Mkuu Anselm akamwita Chediel.

"Kuna mashindano ya mkoa hapo Singida mjini, nimesikia. Mshindi anaenda Dodoma kwenye taifa."

"Ndiyo, mkuu."

"Mkienda Dodoma, chumba chenu. Msipoenda, magunia yangu. Nimekuonea?"

Kulikuwa na majibu mengi ya swali hilo. Chediel alichagua, "Hapana, mkuu."

Basi wakabaki na Bajaji. Hilo ndilo jina la roboti yao, kwa sababu ina magurudumu matatu na ikikata kona inayumba kama dereva wake ana deni na abiria. Derick, mmoja wa watoto wa klabu, aliiunda kwa bati, mota za midoli na springi za kalamu. Eliza, msichana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyeiandikia programu. Kazi ya mashindano ilikuwa moja: roboti ifuate mstari mweusi kwenye turubai jeupe, ibebe vikopo vya alizeti kutoka "shamba" hadi "ghala", bila kusukumwa na mkono wa mtu, kabla jaji hajapiga filimbi. Bajaji ilikuwa inavipeleka vyote na muda unabaki. Ilikuwa roboti nzuri. Naomba hilo likumbukwe.

Wiki moja kabla ya safari, mkuu akaja kukagua. Bajaji ikapita mbele ya viatu vyake na kikopo chake, ikaenda zake ghalani.

"Imenipita," akasema mkuu.

"Ndiyo mkuu, inafuata mstari," akasema Derick.

"Imenipita kama nguzo ya umeme. Mtoto gani wa huku kwetu anampita mtu mzima hivyo?"

"Ni mashine, mkuu."

"Na wewe ni Derick, lakini unasalimia. Mbele ya mgeni rasmi mtaniaibisha. Ifundishwe."

Derick na Eliza wakamwangalia mwalimu wao. Palikuwa na nafasi hapo ya mtu mwenye shahada ya ualimu wa sayansi kueleza kwamba roboti haina umri na haina adabu. Chediel akasema, "Sawa, mkuu."

Eliza akaifundisha. Bajaji ina jicho la mbele linalopima umbali. Akaiambia kwamba ikiona kitu kirefu kimesimama karibu mbele yake, isimame, ishushe mkono wake wa bati kama anayepiga goti, na itoe sauti aliyoirekodi mwenyewe: "Shikamoo." Kisha isubiri kidogo. Njia ikiwa wazi, iendelee. Kama mtu bado yupo, basi hakusikia, isalimie tena. Wakaijaribu ofisini kwa mkuu. Mkuu akasema marahaba, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, akatoka kwenda kunywa chai. Ikaonekana inafanya kazi vizuri sana. Hakuna aliyemfikiria mzee anayesalimiwa halafu asiondoke.

Makubaliano ya Chediel na watoto yalikuwa kwamba asubuhi ya mashindano, kabla ya ukaguzi, Eliza ataifuta salamu.

Ukumbi ulikuwa Utemini, hapo Singida mjini. Timu ya mjini ilikuja na fulana za rangi moja, roboti yao ikiwa kwenye begi lake lenye zipu. Kijana wao mmoja akainama kuitazama Bajaji.

"Hii ni roboti au kirikuu?"

"Kirikuu inabeba mzigo," Derick akamjibu. "Ya kwako inabeba zipu."

Jaji mkuu alikuwa dada mmoja anaitwa Jenipher, ana filimbi shingoni na sauti ya mtu aliyezoea kupuuzwa na wakubwa. "Walimu wote nyuma ya kamba," akatangaza. "Mwalimu akiongea na timu yake wakati wa mchezo, timu inatoka. Na roboti ikishapita meza ya ukaguzi, programu haiguswi mpaka mwisho."

Eliza alikuwa tayari ameshachomeka waya kwenye kompyuta, kidole kiko juu ya kitufe, Mkuu Anselm akatokea ndani ya suti yake.

"Mnaondoa nini?"

"Salamu, mkuu," akasema Eliza.

"Mgeni rasmi amefika?"

"Bado, mkuu."

"Mnaondoa salamu kabla mgeni hajafika? Hiyo salamu mlikuwa mnampa nani, mimi?"

"Mkuu, tulikuwa tunafikiria," Chediel akaanza.

"Mfikirie akishafika."

Eliza akamtazama mwalimu wake. Chediel akatazama feni la darini, ambalo halikuwa linazunguka. "Acha tu, Eliza," akasema.

Bajaji ikapita ukaguzi na adabu zake zote.

Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa fulani, na waheshimiwa hawafiki, husubiriwa. Roboti kumi na mbili zilikaa kwenye mstari zikila betri zao. Alipofika, zikaja hotuba. Kila msemaji aliwataja viongozi wote kwa vyeo, mmoja mmoja, kisha akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaja mwingine akaizingatia upya. Mheshimiwa mwenyewe alisema dunia sasa ni ya teknolojia, akaomba kipaza sauti kigongwe kidogo kwa sababu kilikuwa kimezima.

Baadaye viongozi wakaingia chumba cha pembeni kunywa chai, ambayo kwa jinsi ilivyonukia ilikuwa na kuku wa kienyeji ndani yake. Watoto wakapewa andazi moja moja, na raundi ya kwanza ikaanza.

Hiyo ndiyo ilikuwa saa nzuri ya maisha ya Chediel. Hapakuwa na mtu yeyote wa maana ukumbini. Bajaji ikaondoka, ikayumba kwenye kona, ikabeba, ikashusha, ikarudi, ikabeba. Vikopo vyote vikaingia ghalani. Jenipher akatazama saa yake, akaitazama Bajaji, akaandika. Timu mbili zikaingia fainali: wao, na zile fulana za mjini. Chediel aliishika kamba kwa mikono miwili, na kwa muda mfupi akajiona yuko Dodoma, akiwa na chumba chake, amefunga mlango kwa ufunguo wake.

Mjini wakaanza. Roboti yao ikadondosha kikopo kimoja. Derick akamkanyaga Eliza mguu kwa furaha.

Ndipo mlango wa chumba cha chai ukafunguliwa.

Mheshimiwa alitoka na kijiti cha meno, Mkuu Anselm akiwa pembeni yake anamwonyesha njia. Kamba ilikuwa ya walimu. Hakuna kamba ya kuzuia viongozi, na kama ipo haijaletwa Singida. Wakaivuka, wakaenda kusimama pale kwenye kona ya turubai ambapo mstari mweusi unapita karibu na ukingo, kwa sababu pale mwanga wa picha ni mzuri. Filimbi ikalia. Bajaji ikaondoka na kikopo chake cha kwanza, ikafika kwenye kona, ikakuta suruali.

Ikasimama. Ikashusha mkono. "Shikamoo," ikasema kwa sauti ya Eliza.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Simu zikanyanyuliwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema mheshimiwa, akasogea mbele kidogo ili picha itoke vizuri.

Bajaji ikasubiri. Suruali bado ipo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

Haikufundishwa kujibu hujambo. "Shikamoo," ikasema Bajaji.

"Huyu kalelewa," mheshimiwa akamwambia Mkuu Anselm, na mkuu akavimba ndani ya suti hadi kifungo kikalalamika.

Derick alikuwa ameweka mikono kichwani. Eliza akamsogelea mheshimiwa. Alikuwa na haki ya kuongea, mchezo ulikuwa wake, na alichotakiwa kusema ni sogea. Lakini huwezi kumwanza mtu mzima kwa sogea. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Sasa nani kamfundisha mwenzake hapa?" Watu wakacheka tena. Jenipher alikuwa na filimbi mdomoni, macho yamemtoka, akimtazama mwajiri wa mwajiri wake amesimama kwenye uwanja wa mchezo.

Kanuni zilimkataza Chediel kuongea na watoto. Hazikumkataza kuongea na wazee. Akalifikiria hilo, na mkipenda kumheshimu kwa jambo moja, mheshimuni kwa hili: alikwenda. Aliifuata kamba hadi ilipomfikisha nyuma ya bega la mkuu wake.

"Mkuu, samahani."

"Eeh, mwalimu. Unaona lakini?"

"Naona, mkuu. Naomba radhi kukukatisha, najua uko na mgeni."

"Sema tu."

"Si jambo kubwa, mkuu. Ni dogo sana. Ila kama haitakuwa usumbufu, na kama mheshimiwa hatajisikia vibaya, maana najua ametoka mbali na ana ratiba..."

"Shikamoo," ikasema Bajaji.

"...nilikuwa naomba, kama inawezekana, kwa hapo aliposimama..."

Filimbi ikalia. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa mwisho kabisa wa foleni.

Kikopo hata kimoja hakikufika ghalani. Fulana za mjini zikaenda Dodoma. Mheshimiwa, kwa kuguswa, akaagiza kitolewe cheti cha nidhamu ambacho hakikuwepo kwenye ratiba, pamoja na dumu la mafuta ya alizeti. Wakati wa kurudi Mkuu Anselm alikaa mbele, cheti mapajani, akiwapigia watu simu. Aliwaambia wote kwamba wameshinda.

Karibu na Ihanja Chediel akakohoa. "Mkuu, sasa kuhusu kile chumba..."

"Nilisema Dodoma, mwalimu. Hapa ni wapi?"

Dirishani palikuwa na mashamba yaliyovunwa. "Ni karibu na Ihanja, mkuu."

Magunia yakahamia stoo Jumatatu. Watoto wa klabu ndio walioyabeba. Bajaji ilipelekwa ofisini kwa mkuu, ikawekwa mlangoni, ikachomekwa kwenye umeme, ili kila mgeni apate adabu ya shule kabla hajaketi.

Alhamisi Chediel akaenda kuomba. Alikuwa amejiandaa, hata Febronia alimfanyisha mazoezi jikoni, anaanza moja kwa moja, "Mkuu, naomba chumba." Eliza na Derick wakabaki nje na kompyuta yao ndani ya mfuko wa rambo. Akagonga, akafungua.

Bajaji ikashusha mkono. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema Chediel.

Mkuu alikuwa kwenye simu. Akanyoosha kiganja: subiri hapo hapo. Chediel akasubiri hapo hapo, mlangoni, mbele ya jicho.

"Shikamoo," ikasema sauti ya Eliza.

"Marahaba."

Mkuu akaziba simu kwa mkono. "Mwalimu, makelele."

Chediel akarudi nyuma, akatoka kabisa nje ya mlango. Bajaji ikanyamaza. Eliza akainuka pale barazani.

"Umemwambia, mwalimu?"

"Bado. Yuko kwenye simu."

Wakakaa wote watatu kwenye benchi kusubiri. Ndani mlango ulikuwa umebaki wazi kidogo, na kila upepo ulipousukuma, Bajaji iliusalimia.